Mguu Utakaotangulia Mishamo

Kwaya ilikuwa imefika ubeti wa tatu pale Mzee Polycarpe alipofumbua jicho moja na kumkonyeza Dafrosa asogee.

"Mwanangu," akanong'ona, "hawa watu wanaimba kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, babu. Wanakuombea."

"Wananiombea nini?"

"Mguu upone."

Mzee akafumba lile jicho. Akaliacha neno lielee juu ya kitanda, pamoja na nzi wawili na harufu ambayo dawa ya kudekia haikuweza kuifukuza. "Mguu huu hauponi," akasema. "Mie ndo nalala nao, naujua. Waambie wapumzike, koo zitawakauka na joto hili."

Lilikuwa joto la Novemba la Mpanda, lile la kuisubiri mvua, mbingu imevimba na haisemi kitu. Akina mama saba wa jumuiya wakamaliza wimbo, wakamwagia kitanda baraka, wakatoka wakijipepea kwa vitambaa vya kichwa. Dafrosa akabaki na kalamu yake mkononi, amenywea kama puto la jana.

Yeye ndiye aliyewaita. Yaani alikuwa amefurahi mwenyewe, tangu Jumapili kila aliyekutana naye alimpa habari ya kwaya: mama wa maandazi getini, mlinzi, hata mgonjwa mwingine wa kitanda cha pembeni ambaye hakuuliza. Miezi saba alikuwa amekaa kwenye dawati la ustawi wa jamii, meza moja na viti viwili mwisho wa korido karibu na stoo ya mablanketi, anajitolea, bado hajaajiriwa, na hii ilikuwa kesi yake ya kwanza ya peke yake. Chuoni mwalimu aliwachorea piramidi ubaoni. Chini kabisa chakula na maji. Juu ya hapo pa kulala, usalama, ndugu. Huko kileleni, pembamba kama ncha ya kalamu, ndipo alipoweka mambo ya roho. Dafrosa alipanda piramidi lile ngazi kwa ngazi. Alimtafutia mzee uji. Alimtafutia shuka. Alimleta jamaa mmoja wa mtaa wa Kashaulili, anayeuza chaji na kava za simu huku amejiegemeza kwenye magongo, mguu mmoja hana, akacheza muziki katikati ya wodi kuonyesha kwamba maisha yapo. Mzee Polycarpe alicheka mpaka akakohoa. Akanunua chaji moja, na simu hana. Lakini kwenye fomu ya kukubali upasuaji dole gumba lake hakuliweka.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Sukari ilikuwa imeula mguu wa kushoto kuanzia kwenye kidonda kidogo tu, kisiki cha shambani kilichomchoma akakidharau. Sasa ulikuwa mweusi hadi juu ya kifundo, na weusi ulikuwa unapanda. Dokta alishasema mbele ya wote, hajaficha: "Ijumaa asubuhi nakata, juu ya goti. Ikipita Ijumaa, sumu imeingia kwenye damu, na hapo sina tena cha kukata."

Hiyo ilikuwa Jumanne.

"Babu," Dafrosa akasema, akakaa kitandani kabisa, kitu ambacho chuoni walikataza. "Unaogopa?"

"Niogope nini? Nimeshavuka mengi."

"Sasa kwa nini hutaki?"

"Nimesema sitaki?" Mzee akamgeukia. Homa ilimng'arisha macho, yakawa kama ya mtu anayetazama kitu nyuma yako. "Nyie mmeniuliza kama nimekula. Mmeniuliza nina ndugu wangapi. Yule kijana wa magongo kaniuliza kama najua kucheza. Swali langu mie hakuna aliyeuliza."

"Lipi?"

"Mkishaukata, mnaupeleka wapi?"

Dafrosa hakujua. Akainuka kwenda kuuliza.

*

Nyuma ya hospitali, baada ya kamba za kuanikia mashuka, kulikuwa na tanuri la matofali lenye bomba refu. Silvesta, mzee mwembamba wa Kibende mwenye buti za mpira zisizo saizi yake, alikuwa anakung'uta koleo. Alipomwona Dafrosa akavua kofia.

"Umepotea, mwalimu? Ofisi hazipo huku."

"Sijapotea, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza. Vinavyokatwa kule thieta. Mikono, miguu. Vinakuja kwako?"

Silvesta akaliegemeza koleo ukutani, taratibu, kama anamlaza mtu. "Vinakuja."

"Halafu?"

"Halafu moto. Halafu majivu, nayapeleka kwenye shimo lile lenye mfuniko." Akapangusa mikono. "Miaka kumi na mmoja hakuna aliyekuja kuniuliza. Wewe wa kwanza."

"Ni mingapi kwa mwezi?"

"Sihesabu. Kuhesabu naona kama dharau." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Kikija cha mtu huwa sichanganyi na mabomba ya sindano. Nakisubirisha, kinaenda peke yake. Nasema, haya, tangulia, mwenzio yuko nyuma. Basi. Ujinga wangu tu huo."

"Ndugu wakiutaka?"

"Dokta anaandika barua, wanachukua. Ruksa. Ila ndugu wenyewe ndo hawautaki. Nani anataka kushika?"

Moshi ulikuwa mwembamba siku ile, wa buluu, unakwenda upande wa mashuka. Dafrosa akarudi akipita katikati ya yale mashuka meupe yaliyotuna upepo, na kwa muda kidogo ikawa kama anatembea ndani ya wingu, haoni mbele wala nyuma. Angeweza kumdanganya mzee. Angesema, tunazika vizuri, babu, tuna makaburi yetu. Ingechukua sekunde tatu na dole gumba lingekuwa kwenye karatasi.

"Wanachoma, babu," akasema alipofika. "Mpaka majivu. Halafu shimoni."

Mzee Polycarpe akaitika kwa kichwa muda mrefu. "Ahsante," akasema. "Sasa tunaongea."

Wakaongea. Au yeye aliongea, na homa ikamsaidia, maneno yakawa yanatoka yameshikana mikono. Mwaka sabini na mbili alikuwa na miaka kumi na miwili. Walitembea kutoka Burundi siku nyingi, walipofika mtoni baba yake akamwambia tangulia wewe ni mwepesi, pima kina. Akatanguliza mguu wa kushoto. Wengine wote waliingia pale mguu ule ulipokanyaga. Mguu ule ule ndio uliosukuma sepetu walipokuja kuufyeka msitu wa Mishamo. Ukamchimbia marehemu mke wake msingi wa nyumba, na miaka ishirini na tisa baadaye kaburi.

"Nilale pembeni yake, nimemwahidi. Sasa nikifika kule nachechemea, unamjua yule mwanamke? Humjui. Alikuwa mtani, huyo! Atanicheka mbele ya malaika wote. Atasema, Polycarpe, mguu umeusahau wapi tena, si nilikwambia uangalie vitu vyako?"

Dafrosa akacheka, halafu akagundua anafuta macho.

"Mguu uzikwe Mishamo," mzee akasema. "Kwa mke wangu. Utangulie, unisubiri. Mkinihakikishia hilo, leteni wino."

Usiku ule fomu ya kesi ilikuwa juu ya meza ya kwao Dafrosa, na viboksi vyake: chakula, malazi, nauli, ndugu, mavazi. Akavipitia vyote. Chini kabisa palikuwa na mstari mfupi ulioandikwa Mengineyo. Akaandika hapo kwa herufi ndogo ndogo ili patoshe: *Anahitaji mahali pa kuzika mguu.*

*

Emelyne, binti wa Mzee Polycarpe, akafika Jumatano mchana na mtoto wa miezi minane mgongoni na vumbi la barabara ya Mishamo hadi kwenye kope. Hakukaa. Alimsalimia baba yake, akamshika paji la uso, halafu akamvuta Dafrosa koridoni.

"Dada, kule wamekataa."

"Nani kakataa?"

"Mzee Dieudonne. Mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Uliponipigia simu nilimfuata nyumbani. Kasema kaburi la mtu anayepumua hachimbi, na kijana wake hachimbi, na jembe lake hatoi."

"Lakini si mguu tu?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Kasema shimo la makaburini halijui nusu. Ukilifungua kwa jina la mtu, linamsubiri huyo mtu, halilali mpaka limpate." Emelyne akamshusha mtoto, akampa ziwa pale pale amesimama. "Na katekista naye kasema kwenye kitabu chake hakuna ukurasa wa mguu."

"Wewe unaamini hayo?"

"Ya mwenyekiti? Mimi naamini baba akisikia, ndo basi."

Wakakubaliana wasimwambie. Kosa kubwa. Alhamisi asubuhi mzee aliwatazama wanavyopishana macho, akasema, "Dieudonne kagoma, siyo?" Emelyne akainamia mtoto. "Na mie ningegoma. Miaka yote tunachimba pamoja, namjua. Ana haki." Akageukia ukutani.

Joto la mwili likapanda. Weusi ulikuwa umefika nusu ya muundi. Dokta akapita saa nne, akafunua shuka, akalifunika, akamtazama Dafrosa badala ya mgonjwa. "Ustawi wa jamii," akasema, kama ndilo jina lake, "kesho saa mbili thieta iko tayari. Mtu wako yuko tayari?"

"Bado, dokta."

"Bado nini?"

Angejibu nini? Kwamba wanatafuta shimo? Dokta akaenda zake, na Sista Yustina, muuguzi wa zamu mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, akambonyeza Dafrosa begani.

Mchana wodi ikazama kwenye usingizi wa joto. Mzee alikuwa anaongea Kirundi na watu wasiokuwepo, kwa adabu sana, kama anawakaribisha ndani. Dafrosa na Emelyne wakakaa kwenye benchi la korido. Hapo ndipo alipopita binti mmoja kutoka wodi ya wazazi, anatembea taratibu kama mtu aliyejifungua jana. Mama mtu mzima nyuma yake kabeba kichanga. Na yeye binti mwenyewe kabeba ndoo ndogo ya bluu, imefunikwa kitenge, kaishika mbali na gauni, kwa heshima.

"Yule kachukua chake," Emelyne akasema.

"Kachukua nini?"

"Kondo la nyuma. Nyie hapa mjini mnatupa?"

"Kuna shimo lake huko nyuma. Wengine wanaacha, wengine wanaondoka nalo."

"Sisi hatuachi. La huyu nilibeba kutoka kituo cha afya, nikazika nyumba..." Emelyne akakatiza. Mkono wake ukabaki hewani juu ya kichwa cha mtoto. "Dada."

"Nini?"

"Dada! La huyu liko nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Nusu yake alivyokuwa tumboni, imezikwa. Na yeye huyu hapa, ananyonya, ananing'ata!"

Dafrosa akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama yeye.

"Lile shimo siyo kaburi," Emelyne akasema, sasa anasema haraka, sauti inapanda, mgonjwa mmoja akageuka kutazama. "Halichimbwi na wanaume. Halina mwenyekiti! Halina katekista! Dieudonne hawezi hata kulikaribia, ni aibu kwake. Tunachimba wenyewe akina mama, tunafukia, tunaondoka, na mtu anaishi. Anaishi mpaka anazeeka!"

Walikimbia. Sista Yustina aliwaambia hapa siyo uwanjani, hawakusikia.

Ilibidi wamwamshe mzee kutoka mbali sana. Emelyne akapiga magoti pembeni ya kitanda, akamweleza kwa Kirundi, mwanzo mpaka mwisho, na Dafrosa ambaye hakujua lugha ile alikuwa anafuata mikono tu: mkono unaochimba, mkono unaofukia, mkono unaofungua kiganja kuonyesha kilichobaki kizima. Mzee akasikiliza macho yamefumbwa.

"Hilo ni shimo la watoto," hatimaye akasema kwa Kiswahili, ili Dafrosa naye apate. "Mie nina miaka zaidi ya sitini. Nitakuwa nimezaliwa na nani?"

"Na wewe mwenyewe, data," Emelyne akajibu, kama wanavyomwita baba kwao.

Mzee akatoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama ingekuwa na nguvu. Lakini uso ukakunjamana tena. "Nilisema kwa mke wangu. Kwa mama yako. Siyo kwenye migomba."

Emelyne akasogea karibu. Akamfuta baba yake jasho la shingo kwa pindo la kitenge. "Mama alizaa mara ngapi?"

"Sita."

"Na pale nyuma ya nyumba yako, kwenye migomba, alichimba mara ngapi?"

Feni ya darini haikuwa inafanya kazi, lakini kulikuwa na mahali upepo ulikuwa unaingilia, pazia la dirishani likainuka, likashuka. Mzee Polycarpe akalitazama likiinuka tena.

"Sita," akasema. Halafu akaongeza: "Ya tatu alichimba mwenyewe siku ya pili, mvua inanyesha. Nilimkataza. Alinifukuza na jembe."

Akatoa mkono nje ya shuka, dole gumba limesimama peke yake.

"Leteni wino, basi."

*

Ijumaa saa tano mguu ulitoka thieta ndani ya boksi la baridi, umevikwa shashi nyeupe na mfuko juu ya mfuko, na barua ya dokta yenye muhuri. Silvesta alikuja kulifunga boksi yeye mwenyewe, hakuna aliyemwita. Alifunga kamba mafundo manne. "Huyu wa kwanza kunipita," akasema, na ilionekana kama amefurahi.

Mzee alikuwa hai. Presha nzuri, Sista Yustina akasema, chupa mbili za damu zimeingia, anaongea ovyo kwa sababu ya dawa lakini anaongea.

Gari la dawa lilikuwa linakwenda kituo cha afya Mishamo saa sita. Dereva, Elias, alilizunguka boksi mara mbili kabla ya kulipandisha.

"Mimi nimebeba chanjo," akasema. "Nimebeba wajawazito, nimebeba maiti. Ila mtu wa rejareja, hapana."

"Kaka Elias, endesha gari," Dafrosa akamwambia.

"Naendesha. Nauliza tu, akitusemesha nani anajibu?"

Walicheka mpaka nje ya mji, wote watatu, na mtoto wa Emelyne akacheka kwa kuwaona wanacheka. Halafu msitu ukaanza. Miombo ilikuwa imetoa majani mapya kabla ya mvua, mekundu, ya rangi ya shaba, ya rangi ya ulimi wa mtoto, yanametameta pande zote mbili za barabara, na vumbi jekundu linapanda kuyakuta. Ilikuwa vigumu kujua gari linakwenda au miti ndiyo inayorudi. Dafrosa alikuwa ameweka mkono juu ya boksi ili lisiteleze kwenye mashimo. Hakuutoa. Baiskeli zikapita zimebeba mihogo, watu wakawapungia, na yeye akapunga kwa mkono ule mwingine. Alikuwa na habari kubwa kuliko zote alizowahi kubeba na kwa mara ya kwanza hakutamani kumwambia mtu.

Nyuma ya nyumba ya Mzee Polycarpe akina mama watano walikuwa wameshamaliza shimo. Lilikuwa refu kidogo kuliko ya kawaida, kina mpaka kiunoni, udongo wake mweusi na baridi chini ya kivuli cha migomba. Wanaume hawakuwepo. Mzee Dieudonne alionekana kwa mbali barabarani, amesimama na baiskeli yake, ametazama upande mwingine kwa bidii kubwa.

Hakuna aliyehubiri. Waliutoa mguu kwenye mifuko, shashi ikabaki, wakauzungushia kitenge kipya. Emelyne akaingia shimoni, akanyoosha mikono apokee.

"Subiri," akasema bibi mmoja, mkubwa kuliko wote. "Kondo lina juu na lina chini, ukilikosea mama hazai tena. Huu je? Vidole vielekee wapi?"

Wakatazamana. Mmoja akasema vielekee kule walikotoka, ng'ambo ya mto. Mwingine akasema aa, vielekee mlangoni, mtu anaingia kwake. Wa tatu akaonyesha makaburini kwa kidevu, aliko mkewe. Wakabishana kidogo kidogo, bila hasira, kitenge kikiwa mikononi mwao kama mtoto anayesubiri jina.

"Muulizeni mwenyewe," Dafrosa akasema. "Si yupo?"

Mtandao ulikuwa unapatikana karibu na ukuta wa jiko tu, na bahati nzuri shimo lilikuwa pale pale. Dafrosa akapiga, simu ikaita mara nyingi. Sista Yustina akapokea, akamwekea mzee sikioni, na hapa wakaweka sauti kubwa.

"Data," Emelyne akaita, ameisogelea kutoka shimoni. "Data, tumefika. Tuko nao hapa. Vidole tuvielekeze wapi?"

Pumzi. Sauti ya kitanda. Kikombe kikigonga chuma mahali fulani Mpanda.

"Vidole?"

"Ndiyo, data."

"Ngojeni," akasema Mzee Polycarpe, polepole sana, sauti laini kama ya mtu aliyelazwa juani. "Ngojeni kwanza nifikirie."

Wakangoja. Baadaye kidogo ukaja mkoromo, mrefu, wa raha.

"Amelala," Sista Yustina akanong'ona. "Nikate?"

"Usikate, sista," Emelyne akasema. "Muache hapo hapo."

Dafrosa akailaza simu juu ya rundo la udongo, uso juu. Akina mama wakakaa chini kuzunguka shimo, wakanyoosha miguu yao kwenye nyasi, kitenge kikapakatwa na bibi yule mkubwa. Mtoto akatambaa kwa tumbo kuelekea ile sauti. Jani moja la mgomba likapasuka kwa upepo, taratibu, kutoka ukingoni hadi kwenye uti wake, na wote wakageuka kulitazama, halafu wakarudi kusikiliza.